Ukoko ni wa Mpishi

Kwetu Kasongo ukoko wa wali ni wa mpishi. Sheria hii haijaandikwa popote na haina haja ya kuandikwa. Wali ukishapakuliwa, baba amepata wake, wageni wao, watoto wao, yule aliyekaa na moshi machoni anabaki na sufuria. Anakwangua kilichoshika chini, kikavu, cha kahawia, chenye harufu ya moto, na hicho ni chake. Akitaka atakula peke yake nyuma ya jiko. Akitaka atampa ampendaye, na ukipewa ukoko na mpishi, ujue umehesabiwa kuwa mtu wa jikoni mwake. Mgeni hapewi ukoko. Mgeni hupewa wali mweupe na paja la kuku, aende zake akasifie.

Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wazima, wenye diploma, waliokaa mezani na kalamu wakaandika kwamba ukoko ni mali ya kampuni. Niliwaona kwa macho yangu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Jina la kampuni sitalitaja, lisije likapata sifa hata ya kutajwa. Ni kampuni kubwa ya kujenga barabara na madaraja, na ni ya zamani. Kijitabu tulichopewa siku ya kwanza kilisema ilikuwapo kabla babu zetu hawajaoa, na picha ya mzee mwenye ndevu aliyeianzisha imetundikwa ukutani kwenye kantini, anatutazama tukipakua maharage. Walikuja wakapiga kambi kati ya Kasongo na Kabambare, pale mto ulipokuwa umekula daraja na pikipiki zinavushwa kwa mtumbwi. Wakazungushia waya, wakaweka lango, wakatafuta wapishi. Mimi nilikuwa nikipika kwenye harusi na vipaimara, nikilipwa kuku na shukrani. Nikaandika ombi, nikachukuliwa kuwa mpishi wa wali wa wafanyakazi.

Niseme haki kwanza, maana hasira isiyotambua haki ni kelele tu. Kazi ya kampuni kubwa ni tamu. Mshahara unaingia kwenye simu siku ile ile ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwalimu aliyenifundisha kusoma anaishi kwa mihogo yake, kwa kuwa mshahara wake wa serikali hukawia njiani mpaka mwenyewe ameacha kuuulizia. Baba yangu alikuwa na ngiri miaka mingi, akilima kwa mkono mmoja huku mwingine ameishika nyonga; kwa kadi yangu ya kampuni alipasuliwa, akashonwa, na msimu uliofuata alirudi shambani akitembea wima. Nyumba ya wazazi wangu imeezekwa mabati. Nimejifunza kupima joto la nyama kwa kipimo, kunawa mpaka kwenye kiwiko, kukata kitunguu bila kukitazama. Na ukipita sokoni Kasongo na baji shingoni, muuza duka anakupangusia kiti kabla hajakuuliza unataka nini. Zamani muuza duka huyo huyo alikuwa akiniuliza kwanza kama nina hela.

Hayo yote ni kweli. Anayetaka nimtukane mtu aliyemponya baba yangu atangoja sana.

Lakini siku ya tatu shefu wa jikoni alinionyesha shimo. Shefu alikuwa mtu mpole wa Bukavu, aliyezunguka na kampuni hiyo karibu nchi nzima. Wafanyakazi walikuwa wameshakula. Ulikuwa umebaki wali, yamebaki maharage, na mikate ya jana ilijaa ndoo nzima. Nikauliza vinapelekwa wapi. Akanipeleka nyuma ya jenereta, palipokuwa na shimo refu kwenda chini kuliko kaburi, na pembeni yake dumu la mazutu, yale mafuta ya magari. Vyakula vilimwagwa humo kwa toroli. Kisha mazutu yakamwagwa juu yake, taratibu, pande zote, kama mtu anayetia mawese kwenye sombe ya majani ya mihogo.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikamuuliza yale mafuta ni ya nini. Akaniambia ni ili mtu asije akavichukua.

Ng'ambo ya waya, hatua chache tu, ilikuwa njia wanayopita watu wanaotoka mashambani na vitunga vyao. Wanaona. Kila siku saa nane wanaona wali wa Kasongo, uliolimwa na wajomba zao na kununuliwa kwao, ukinyeshwa mafuta ya gari. Sijui wenzetu wanakotoka wanakichukuliaje chakula. Kwetu mtoto akidondosha punje anaambiwa aiokote, na mwanamke anayemwaga wali ilhali jirani yupo, watu wanamtilia shaka.

Sababu walikuwa nazo, na si za kijinga. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Shefu alinieleza kwamba mtu wa nje akila akaugua, itasemwa kampuni imemlisha sumu. Tena mpishi akijua mabaki yanatoka, atapika ili yabaki. Kila jambo kwenye kampuni ya zamani lina sababu yake, imepigwa chapa, imetiwa muhuri, na mtu aliyeitunga alishakufa. Huna wa kugombana naye. Ukiuliza unaonyeshwa karatasi, na karatasi haina uso wa kuona haya.

Aliyemwaga mazutu ni mama mmoja Mubangubangu, mjane wa Kabambare, aliyekuwa akiosha masufuria. Wote tulimwita mama wa masufuria. Alinizidi umri kwa mbali, akiniita mtoto wake, nami nikamchukua hivyo. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kukaa shefu asikuone, maneno ya kumwambia fundi ili jiko litengenezwe leo na si wiki ijayo, na namna ya kufunga kitambaa magotini chini ya sketi kwa ajili ya saruji ya pale, ambayo ni baridi alfajiri. Kabla ya kumwaga yale mafuta alisema maneno machache kwa Kibangubangu, akiinamia shimo. Siku moja nikamuuliza anasema nini. Akasema anauambia mchele kwamba si yeye.

Sufuria za kambi ni kubwa, mtoto anaweza kuoga ndani yake, na moto wa jiko lao ni mkali. Ukoko unaotoka humo ni mnene, unainuka kipande kizima. Siku ya kwanza nilipoukwangua niliuvunja katikati kwa goti, nikampa nusu. Tulikula tumesimama nyuma ya masufuria yaliyoanikwa, tukitafuna kwa kelele, na yeye akacheka hata machozi yakamtoka kwa sababu jino lake moja lilikuwa linauma. Kula ndani ya waya hakukatazwi. Basi tangu hapo ikawa kawaida yetu, kila saa nane, kabla ya toroli.

Mama yule naye alikuwa na mama yake, bibi kizee sana, aliyekuwa amelala ndani huko Kabambare na hakuwa tena na jino hata moja. Alikuwa amekataa ugali, amekataa uji. Kitu alichokuwa akikitaja ni ukoko uliolowekwa kwenye chai ya sukari, kama alivyopewa na mama yake alipokuwa mtoto. Mama wa masufuria alinisimulia hayo Ijumaa moja, akisugua, bila kuomba kitu. Nyumbani kwake hawapiki wali ila sikukuu.

Mimi ndiye niliyesema Jumamosi atampelekea. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimelificha muda mrefu mno. Jumamosi alikuwa anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka Jumapili jioni. Nilikwangua ukoko, nikachagua upande ambao haukuungua, nikaufunga kwa jani la mgomba na kamba, nikautia kwa mkono wangu kwenye mfuko wake chini ya kitenge. Yeye alisita. Akaniuliza kama watakubali. Nikamjibu wakatae nini, ukoko ni wetu.

Hatukudhani tunaiba. Watu wa kampuni hawakuliamini hilo na hawataliamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ingekuwa nyama, sukari, hata kiberiti, tusingegusa. Mama yule alikuwa akikung'uta kitenge chake kabla ya kutoka ili punje iliyonasa isije ikasemwa. Wali tulijua ni wa kampuni, maharage ni ya kampuni, sufuria yenyewe ni ya kampuni. Ukoko haukutujia akilini. Ulikuwa nje ya hesabu, kama mvuke.

Jioni tulipanga foleni langoni. Mlinzi wa zamu alikuwa kijana wa hapo hapo, mtu wa kupapasa mfuko kwa juu juu na kukuuliza habari za nyumbani. Lakini siku hiyo mkubwa wa ulinzi, mgeni aliyeletwa kutoka mbali, alikuwa amesimama pembeni na miwani yake. Mimi nilikuwa wa nne kwenye foleni. Mama wa masufuria alikuwa wa kwanza.

Walifungua jani. Mkubwa wa ulinzi aliuchukua ule ukoko, akaugeuza, akaunusa.

"Hii ni nini?"

"Iko ukoko tu, baba."

"Ni chakula ya kampani."

Mama akatabasamu. Alidhani mtu wa watu hajui, basi ataelezwa. Sauti yake ilikuwa ile ya kumwelekeza mgeni njia.

"Hapana, baba. Wali ndiyo iko ya kampani. Ukoko iko ya mupishi. Ata kwenu iko vile."

"Mupishi gani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Niliuona mgongo wake ukielewa. Hakugeuka nyuma, wala hakuangalia pembeni. Angegeuza shingo kidogo tu, jicho lake lingenikuta, na mkubwa wa ulinzi angelifuata.

"Hakuna mutu alinipa," akasema. "Nilijitwalia mwenyewe."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi, ule ule ambao sokoni unapunguza bei ya samaki wa Nyangwe mpaka mchuuzi anaapa. Kati yangu na yeye walikuwepo watu wawili tu. Nikaangalia chini. Viatu vyangu vilikuwa vya kampuni, vya ngozi nene, vilivyonigharimu kusaini tu, na nikaviangalia mpaka wakamwondoa. Nilipofika langoni nikafungua mfuko wangu, wakaupapasa, wakaniambia mwendo mwema.

Jumatatu tukaletewa barua, yeye na mimi. Mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa kwetu anaijua barua hiyo. Hata asiyejua neno jingine la Kifaransa anaiita demandi. Unaulizwa kwa maandishi, unajibu kwa maandishi, una siku mbili. Yangu iliniuliza chakula kilitokaje jikoni nilipokuwa mpishi wa zamu. Hakuna aliyenikaripia. Katika kampuni ya zamani hukaripiwi, unaandikiwa. Afadhali ningetukanwa, ningejua namna ya kujibu.

Shefu aliniita stoo, akafunga mlango. Aliniambia kwa upole wote kwamba kwenye demandi anayeandika kirefu ndiye anayefukuzwa. Niandike mstari mmoja, nisaini, ninyamaze. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu ni wa muda na unakwisha miezi miwili ijayo, na kwamba jina langu limo kwenye orodha ya watakaopewa wa kudumu. Hakunitisha. Alikuwa ananitakia mema, na mema yake yakawa mabaya kuliko vitisho vya adui.

Niliandika mstari mmoja: sikuona kitu. Nikasaini.

Jibu la mama wa masufuria liliandikwa na karani, yeye mwenyewe hakujua kuandika. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino. Kumbe karani alitafsiri "nilijitwalia" kwa neno la Kifaransa la kuiba, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha, maana aliyeweza kumsahihisha alikuwa jikoni anapika wali. Akafukuzwa. Nayo kampuni ilimfukuza kwa heshima kuliko maboma yote ya serikali yanavyoajiri. Alilipwa stahili zake zote siku hiyo hiyo. Alipewa cheti cha kazi kwenye karatasi nzuri yenye muhuri. Alipelekwa mpaka Kabambare kwa gari la kampuni, amekaa mbele karibu na dereva, na mimi nikiwa dirishani na mwiko mkononi. Alinipungia mkono. Angenitemea mate ingekuwa nafuu, siku hizi ningekuwa nimeshayafuta.

Jambo lililofuata naliona aibu kulisimulia. Miezi miwili baadaye nilipewa mkataba wa kudumu. Nilipigwa picha chini ya yule mzee mwenye ndevu, nikishikana mkono na mkuu wa wafanyakazi. Nilicheka kwenye picha. Baba yangu alitoa jogoo kanisani kwa shukrani, akasimama mbele ya watu wima kabisa, akasema binti yake ameajiriwa hadi uzee. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, nikitaka ardhi ifunguke.

Mchana huo mama yangu alipika wali nyumbani. Alikataa nimsaidie, siku hiyo ilikuwa yangu. Tulipomaliza kula akatoka jikoni na kisahani, na juu yake ukoko wote wa sufuria. Ulikuwa wake, yeye ndiye mpishi. Akanipa mimi.

"Twala, mama. Leo iko yako."

Niliutia kinywani, haukupita. Nilitoka nje nikautema kwenye majani ya mihogo, nikakaa pale nikilia kwa hasira. Sikulia kwa huzuni. Ninajua tofauti, huzuni inalegeza mwili na ile ilinikaza taya mpaka kichwa kikauma. Niliwachukia wale wa meza ya kalamu. Nilimchukia shefu na upole wake. Na katikati ya wote nilikuwepo mimi, nimeshiba, na paa la mabati juu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa na baji.

Niliandika barua. Safari hii niliandika kirefu, kurasa mbili, Kifaransa changu chote cha shule ya masista: kwamba mimi ndiye niliyeufunga ule ukoko, kwamba mama hakuchukua kitu bali alipewa, kwamba kwetu ukoko ni wa mpishi na mpishi alikuwa mimi. Niliomba arudishwe kazini. Niliandika kwamba mwenye kuadhibiwa ni mimi. Nilikuwa tayari. Nilishapiga hesabu ya maisha bila baji, nikaiona njaa yake, nikasema potelea mbali.

Mkuu wa wafanyakazi aliisoma mbele yangu. Alisoma polepole, si mtu mbaya, alinipa hata kiti. Akaikunja. Akaniuliza ninataka nini hasa. Nikamwambia nimeeleza humo. Akasema dosye, faili la jambo hilo, imefungwa. Mama yule alikwisha kulipwa na kusaini, na nafasi yake ina mtu mwingine sasa, naye ana watoto. Kuifungua tena kungetaka ruhusa kutoka makao makuu, na makao makuu hayawezi kuandikiwa habari za ukoko. Kuhusu adhabu yangu, muda wa kunipa ulikuwa umepita. Kijitabu chao kina kipengele chake.

"Rudi kazini, mama. Tumekusamehe."

Nilimwambia sikuja kusamehewa. Akaniangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akapiga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, kwa kuwa kampuni ya zamani haimnyimi mtu muhuri, akaitia barua yenyewe kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Nikatoka. Nilikuwa nimebeba dhambi yangu mpaka mlangoni mwao na hawakuwa na mahali pa kuipokea. Saa sita wafanyakazi walikuwa na njaa, nikapika.

Likizo yangu ya kwanza niliipeleka Kabambare. Pikipiki ilituangusha mara mbili kwenye matope, kwa sababu barabara ya kampuni, pamoja na umri wake wote na picha zake, ilikuwa imefika kilomita chache tu kutoka kambini. Nilibeba kilo za mchele, sukari, majani ya chai, na ile nakala yenye muhuri nimeifunga kwenye plastiki.

Nilimkuta mama wa masufuria akianika mihogo. Alinipokea vizuri. Huo ndio ukweli, hakununa, hakuzira. Aliniletea kiti chenye mgongo, akafuta kwa kitenge. Aliniuliza habari za safari, za baba yangu, za kidonda chake kama kimepona vizuri. Nikampa barua. Akaigeuza, akagusa muhuri kwa kidole, akaniuliza inasema nini. Nikamsomea kwa Kiswahili, yote, hata pale pa mkono wangu na jani la mgomba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye mtoto wa meza, imefungiwa.

"Basi," akasema. Akanirudishia nakala yangu.

Aliingia jikoni, akapika ule mchele niliouleta. Nikasimama nimfuate, akanizuia kwa kiganja, kwa adabu. Nikasema walau nioshe sufuria. Akasema wageni wake hawaoshi sufuria. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi kwa jinsi nilivyokuwa nikipokelewa, ningekaa pale mwaka na jembe nisilione. Alinipakulia wali mweupe kutoka katikati ya sufuria, hata punje moja ya kahawia haikuwemo, akaniwekea samaki mzima na maji ya kunawa. Kisha nikamsikia akikwangua. Sauti ile naijua kuliko jina langu. Alitoka na bakuli la ukoko uliolowa chai, akapita mbele yangu, akaingia chumbani kwa mama yake.

Ukuta ulikuwa wa fito, kila kitu kilisikika. Bibi kizee alikuwa anafyonza na kumeza. Akapumzika, akauliza kwa sauti nyembamba ni nani amekuja, mbona kuna harufu ya samaki.

"Mugeni, mama. Mutu wa kampani."

Nilikula wali wote, maana mgeni akiacha chakula anamtukana mwenyeji.